Aliyenifunga Mgongoni

Nguo inayofungwa mgongoni, ukiwa peke yako chumbani na komeo umelisukuma kwa mkono wako mwenyewe, inafungwa na nani? Rafiki yangu Rehema aliniuliza hivyo kwenye simu jioni ya siku ileile.

Haya ninayokueleza yalinipata mimi. Hayakumpata binamu wa mtu ninayemfahamu, wala sikuyasikia kwa dereva wa lori. Nasisitiza kwa sababu mimi ni msikilizaji mbaya wa visa vya namna hii. Ukiniambia umeona mzuka nitakuuliza mwanga ulitoka upande gani, ulikuwa umelala saa ngapi, na nani mwingine aliona. Chuo kikuu nilisoma fizikia. Kwa hiyo maswali yote utakayoyawaza unaposoma, niamini, nimeshajiuliza kabla yako.

Nilikuwa natengeneza vazi la shujaa wa sinema. Sinema yenyewe siitaji, aliyeiona atalijua vazi: mwanamke amevikwa magamba ya rangi ya jiwe kutoka shingoni mpaka visiginoni, na kola inayopanda hadi nyuma ya masikio. Wakati huo nilikaa Mjimwema, pale Njombe, kwa mama mdogo. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliitazama mara moja tu.

“Kumbe ni kakakuona,” alisema, akarudi kumenya viazi.

Tangu siku hiyo vazi likaitwa kakakuona, na mimi nikaitwa mama kakakuona.

Usidhani ilikuwa michezo. Karakana moja ya mavazi ya filamu ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kumfundisha kazi, na kwa mikoa yetu usaili ungefanyika Makambako. Sharti lilikuwa hili: uje na vazi la shujaa ulilolitengeneza nyumbani kwa mikono yako, ulivae, usimame kando ya picha ya sinema, na majaji walinganishe kipande kwa kipande. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikisubiri ajira ya ualimu. Baba yangu kule kijijini Kichiwa alikuwa ameshanipimia kipande cha shamba la viazi, akasema hii ndiyo ajira iliyopo, na kwamba baada ya Makambako hataki kusikia habari ya sinema tena. Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja, na siku yenyewe ilikuwa moja.

Nilifanya kazi miezi saba. Nilisimamisha sinema kila sehemu ambapo vazi linaonekana vizuri, nikaweka nailoni juu ya kioo cha simu na kuchora mistari kwa kalamu. Kioo changu kilikuwa na ufa, lakini nilijifunza kuusahau. Magamba nilikata kwenye mikeka ya sponji na soli za ndala kuukuu, makubwa ya mgongoni, ya kati ya mapajani, madogo ya shingoni. Kila gamba nililipasha chini ya pasi ya mkaa, nikalikunja juu ya chupa likiwa bado laini, nikalishika mpaka lipoe. Kwa baridi ya Njombe halikuchelewa kupoa. Kisha nililipaka gundi nyeupe ya mafundi seremala ili rangi isizame, halafu rangi ya magari, halafu dawa nyeusi ya viatu, niliyoisugua kwa mswaki kwenye kingo ili lionekane limepita vitani. Jumla yalikuwa magamba mia nne na kumi na sita. Niliyashona kwa mkono, kwa sababu cherehani ya jirani ilivunja sindano tatu na jirani akaomba kwa upole nisirudi.

Mama mdogo alinisaidia kila kitu. Alipepea pasi, alipanga magamba kwa ukubwa kwenye ungo, aliniambia wazi gamba likikaa vibaya. Nilipofika mgongoni tukagombana.

Kwenye sinema vazi lile halina zipu mbele wala ubavuni. Niliwahi kuona picha za nyuma ya kamera: mwigizaji anaingia kwa nyuma, kisha watu wawili wanamfunga kwa kamba zinazojificha chini ya magamba. Nami nilitaka lifanane, hata pale ambapo hakuna atakayetazama. Kwa hiyo nililipasua kutoka shingoni hadi chini ya kiuno na kutoboa matundu ishirini na nane ya kamba.

Mama mdogo alilinyanyua, akaona uwazi ule, akalirudisha mezani taratibu.

“Nguo iliyopasuliwa mgongoni namna hii inavaliwa na mtu wa aina moja,” alisema. “Naye havai mwenyewe.”

Nilijua anamaanisha nini. Nguo ya marehemu hupasuliwa nyuma ili avikwe kirahisi akiwa amelala. Nilimwambia hiyo ni namna tu ya kurahisisha kazi, na kwamba kamba hazijui zimemfunga nani.

“Kamba hazijui,” alisema. “Weka zipu ubavuni.”

“Haitafanana.”

“Basi mimi mgongo wako sifungi.”

Na hakufunga. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamchorea hata mchoro. Mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto alikataa kunigusa mgongo. Nilikasirika, nakiri. Nikasema moyoni kwamba elimu ina kazi kubwa nchi hii.

Nikamwomba Rehema, rafiki yangu wa chuo, ambaye sasa ni mwalimu Ipelele, kule milimani. Alikubali kunikuta Makambako asubuhi ya usaili.

Ilikuwa mwezi Juni. Nilifika ukumbini saa mbili na nusu, na ukungu ulikuwa umekaa mpaka chini, malori ya barabara kuu unayasikia bila kuyaona. Tulikuwa washindani saba. Wanaume sita na mimi. Mmoja wao, kijana wa Iringa mwenye kofia ya dhahabu kichwani, alichungulia mfuko wangu.

“Dada, wewe ni samaki au ni paa la bati?”

“Subiri mvua inyeshe utajua,” nilimwambia.

Simu ikaita. Rehema. “Ukungu umelala barabarani, dereva amekataa kushuka mlima. Tumekaa kwenye gari tangu saa kumi na moja. Nisamehe, mwenzangu. Tafuta mama yeyote hapo akufunge.”

Mama yeyote yuko wapi? Majaji walikuwa ndani, na kati yao mwanamke alikuwa mmoja, ambaye nisingeweza kumwomba. Wapishi wa ukumbini walikuwa hawajafika. Mlinzi alikuwa mzee. Na kumgeuzia yule mwenye kofia ya dhahabu mgongo ulio wazi mpaka kiunoni, hapana.

Nilipewa stoo ya nyuma ya ukumbi nibadilishie nguo. Viti vya plastiki vimepangwa mpaka darini, jukwaa bovu, dirisha moja lenye kioo. Mlango ulikuwa na komeo la chuma, zito, linalolia. Nililisukuma mpaka mwisho. Kumbuka hilo komeo.

Niliingia kwenye vazi, nikasimama mbele ya dirisha nikajaribu kuvuta kamba kwa waya niliokunja kutoka kwenye hanga. Tundu la kwanza niliweza. La pili niliweza. La tatu waya ulinichoma, nikaanza kulia. Si kwa maumivu. Niliona shamba la viazi.

Ndipo mikono ikazichukua kamba kutoka vidoleni mwangu.

“Kamwene, mwanangu,” alisema mtu nyuma yangu. “Acha kujinyonga.”

Niliitikia salamu ile ya kwetu, unajua mazoea, hata kabla sijashtuka. Kwenye kioo nilimwona kwa ufifi: mama wa makamo kuelekea uzeeni, kitambaa kichwani, sweta la kijani lililofungwa mpaka juu. Kwenye mkono wa kushoto wa sweta alikuwa amechomeka pini za fundi, zimepangwa kama uzio. Nilizihesabu, kwa sababu mimi huhesabu vitu nikiwa na wasiwasi. Zilikuwa saba, zenye vichwa vya bluu.

Nilidhani ni mmoja wa wapishi. Nilidhani nimesahau kufunga mlango. Mikono yake ilikuwa ya baridi, lakini usifurahi bado, mwezi Juni mikono ya kila mtu kwetu ni ya baridi.

“Nani kashona?” aliuliza.

“Mimi, mama.”

“Kwa mkono?”

“Mashine ilivunja sindano.”

“Afadhali. Mkono unaona.” Alipitisha kidole kwenye magamba kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayesoma. “Safu ya tatu kutoka shingoni imelala upande usio wake.”

“Kwenye sinema imelala hivyohivyo, mama.”

“Sinema siijui. Mgongo naujua.”

Na kabla sijabisha alishakata uzi kwa meno. Sijawahi kuona mikono kama ile, na sasa nafanya kazi na mafundi wazuri. Haikuwa na haraka wala haikusimama. Gamba moja, linageuka, linashonwa. Safu ile ya shingoni ilikuwa na magamba matano. Manne aliyashona, uzi ukaisha kwenye la tano, akachomoa pini moja kwenye sweta na kulishikiza. Pini haikuonekana kabisa. Mimi mwenyewe nisingeipata kama nisingejua ilipo.

Kisha akaanza kufunga. Kamba ilipita kwenye matundu bila kukwama hata mara moja, na vazi likaja mwilini kama maji yanavyojaa kwenye ndoo. Nilikuwa nimelivaa mara nyingi likiwa wazi. Sikuwa nimewahi kulivaa kweli. Nilinyooka bila kujua. Nikavuta pumzi kubwa, kwa furaha.

Mikono ikasimama.

Halafu akaweka kiganja katikati ya mabega yangu, akakiacha hapo.

“Kumbe unapumua,” alisema.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wamama.

“Ninaowafunga mimi hawanisumbui kwa pumzi,” aliendelea, kama fundi anayelalamikia kitambaa kinachoteleza. “Basi itabidi nikuachie nafasi. Sijawahi. Vuta tena. Usiiachie. Haya, achia.”

Akazilegeza kamba zote, tundu kwa tundu, akaanza upya. Safari hii alifunga kwa kufuata pumzi yangu, anavuta nikitoa, anaachia nikivuta. Nilimtii kama mtoto.

Alipofika kwenye kola aliinama juu ya bega langu ili aone anachofanya. Uso wake ukawa kando ya uso wangu, karibu na kioo kuliko mimi. Sasa sikiliza. Kioo kilikuwa cha baridi, na kila nilipotoa pumzi kilipata ukungu mbele ya mdomo wangu, ukapungua, ukaja tena. Hilo halina muujiza, pumzi ina unyevu na unyevu ukikutana na kitu cha baridi hugeuka matone. Ningeweza kukuandikia ubaoni. Makambako asubuhi kama ile kila anayeongea anatoa moshi mdomoni.

Yeye aliongea. Alisema, “Usiiname ghafla, usikae chini, na wakikuuliza chochote kwanza vuta pumzi.” Maneno yote hayo, mdomo ukiwa kiganja kimoja kutoka kwenye kioo. Upande wangu ukungu uliingia na kutoka. Upande wake kilibaki safi kabisa, nikaona kupitia hapo tawi la mti uliokuwa nje.

Sikupiga kelele. Nitakuambia nilichofanya, na utanicheka: nilianza kutafuta sababu. Labda anaongea huku akivuta hewa ndani. Labda ametoka kunywa maji ya baridi sana. Labda kioo upande ule kina mafuta. Nilikuwa kwenye sababu ya nne mlango ulipogongwa.

“Namba nne, unaitwa.”

“Nenda,” alisema. “Imekaa.”

Niligeuka kumshukuru. Kulikuwa na viti vya plastiki mpaka darini, jukwaa bovu, na mimi. Nikaenda mlangoni. Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho, kama nilivyolisukuma. Nililivuta likalia, na mlio ule nilijua sikuwa nimeusikia tangu nilipoingia.

Sijui nilivukaje ukumbi. Nilisimama kando ya picha kubwa waliyoitundika ukutani, kubwa mara mia ya kioo changu cha simu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni safu ya tatu kutoka shingoni. Ilikuwa imelala kama yule mama alivyoilaza. Ufa wa simu yangu ulinidanganya miezi saba.

Jaji mkuu, yule mwanamke, alinizunguka mara mbili. Alikuwa na rula mkononi, lakini hakuitumia. Kisha akaniuliza kwa nini nataka kazi ile. Nikakumbuka nilichoagizwa. Nikavuta pumzi kwanza.

“Simama hapohapo,” alisema. “Pumua tena.”

Nikapumua. Akawaita wenzake wasogee.

“Mnaona? Magamba yanapanda na kushuka naye. Kwenye sinema ndivyo yanavyofanya, na mpaka leo sijaona aliyeweza. Kila anayeniletea vazi hili linakaa kama sufuria.” Akanitazama usoni. “Umefanyaje?”

“Nimeachiwa nafasi,” nilisema. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Kutoka benchi la nyuma yule kijana wa Iringa akasema, bila kejeli hata kidogo, “Jamani, bati linapumua.” Akavua kofia yake ya dhahabu akaiweka magotini.

Nafasi nilipata. Lakini vazi halikuvulika. Jaji mwenyewe alijaribu, na msaidizi wake pia, na wapishi walipofika nao walijaribu. Hakuna aliyepata ncha ya kamba. Hapakuwa na fundo. Walitaka kukata nikakataa. Nilivaa koti la mvua juu yake nikarudi Njombe nimesimama njia nzima, nikijibu abiria wenye maswali kwamba ninaumwa mgongo.

Mama mdogo alinifungulia mlango. Nilivua koti nikageuka. Sikumwomba chochote. Kisha vidole vyake vikaingia chini ya gamba moja ubavuni, vikaipata ncha, moja kwa moja, bila kutafuta, na vazi zima likalegea kama mtu anayekata tamaa.

“Nani kakufunga?”

“Mama mmoja. Wa kule ukumbini.”

“Alikuachia nafasi?”

Nikamwambia ndiyo. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, akarudi akapakua chakula. Hakuuliza tena, na mimi, ninayeuliza kila kitu, sikuuliza.

Miaka mitatu sasa nafanya kazi ya mavazi. Wananijua kwa jambo moja: mavazi yangu hukaa mwilini kama yana uhai. Sijui kufunga mtu mgongo bila kwanza kuweka kiganja katikati ya mabega yake na kumwambia avute pumzi. Kakakuona ninaye bado, na pini iko palepale kwenye gamba la tano. Sijaigusa. Nimetafuta dukani pini zenye kichwa cha bluu ya aina ile, nimekuta zinazokaribiana tu.

Wewe unayetengeneza vazi nyumbani, nakuonya kwa upendo. Ukiliwekea mgongo wa kufungwa, hakikisha mapema nani atakufunga, na usimdharau anayekukatalia. Na ikitokea uko peke yako ukahisi mikono imezichukua kamba, usigeuke na usibishane naye kuhusu kazi. Vuta pumzi kwa nguvu asikie. Mjulishe mapema kwamba uko hai, maana yeye hana namna nyingine ya kujua.

Ninaloongeza hapa nililijua mwaka huu tu. Nilikuwa likizo Mjimwema, jirani akafariki, na mama mdogo akachukua mfuko wake mdogo kama alivyozoea kuuchukua siku zote akisema anakwenda kwa wamama wa kanisani. Safari hii aliniambia nimsindikize. Njiani ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka ishirini yeye ndiye anayeitwa kuwavisha marehemu.

“Ndiyo maana nilikukatalia,” alisema. “Mikono hii inajua kufunga namna moja tu. Niliogopa itakufunga kama inavyowafunga wengine.”

Nilimuuliza nani alimfundisha. Alinitajia Mama Agata wa Makambako, aliyezikwa nikiwa bado chuoni, mwaka wangu wa kwanza. Mama mdogo ndiye aliyemvisha. Ilikuwa baridi siku ile, akamwonea huruma, akamvalisha juu ya gauni sweta lake la kijani, lile alilofanyia kazi siku zote. Walipokuwa wanarudi kutoka makaburini ndipo alipokumbuka kwamba hakuchomoa pini kwenye mkono wa kushoto.

“Zilikuwa ngapi?” nilimuuliza.

“Saba,” alisema. “Za bluu.”